Siku ya mwisho melini: mizigo, hesabu na neno la mama

Aghalabu mtu akisimulia safari ya meli ya kitalii husimulia siku ya kwanza: ukubwa wa chombo, lifti zinazopanda ghorofa kumi na kitu, meza za chakula zisizokauka. Siku ya mwisho huipita kwa sentensi moja, kana kwamba ilikuwa foleni ya kushukia na basi. Hali ya kuwa, kwa familia, hakuna siku yenye mambo mazito kuliko hiyo. Ndiyo siku ya kufunga hesabu, ndiyo siku ya kuwatimizia haki waliohudumu, na ndiyo siku ambayo maneno yaliyoahirishwa tangu mwanzo wa safari huwa yamebakiwa na saa chache za kusemwa.

Makala haya yanakusudia kuieleza siku hiyo ilivyo, na namna familia yetu ilivyoitumia Januari iliyopita, katika meli iliyotoka Dubai, ikazunguka Ghuba kwa muda wa usiku saba, kisha ikarejea Dubai.

Kwa nini meli

Sisi ni watoto watatu wa mama mmoja. Kaka yetu mkubwa anaishi Muscat, dada yuko Leicester nchini Uingereza, nami niliye kitinda mimba nipo Dar es Salaam. Mama yuko Tanga, mtaa wa Ngamiani, katika nyumba ile ile tuliyozaliwa. Tangu baba alipotangulia mbele ya haki, miaka mitatu iliyopita, hatukuwahi kulala sote chini ya paa moja. Kila mmoja alikuwa akifika Tanga kwa wakati wake, na mara nyingi kilichomleta ni msiba.

Kaka ndiye aliyepiga hesabu akaona kwamba Dubai iko katikati yetu. Yeye hufika kwa gari kwa kuvuka mpaka; ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam huchukua takriban saa tano na nusu, na ile ya kutoka Uingereza takriban saa saba. Tulikuwa watu kumi na wawili, wakubwa kwa wadogo. Hotelini, alisema, kila mmoja angetoka asubuhi kwenda madukani na kurudi usiku akiwa amechoka. Melini hakuna pa kwenda. Mkikosana mchana, jioni mtakutana mezani.

Utalii wa namna hii una umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1891 kampuni ya Hamburg chini ya Albert Ballin iliipeleka meli yake Augusta Victoria katika bahari ya Mediterania kwa matembezi matupu, kwa sababu wakati wa baridi abiria wa kuvuka Atlantiki walipungua na meli ikawa inakaa bure. Sababu ya leo haiko mbali na hiyo. Baridi inaposhika Ulaya, baadhi ya meli huhamia Ghuba, ambako kuanzia Novemba hadi karibu na Machi joto huwa limepungua na watu huweza kukaa nje mchana.

Mama alipoelezwa mpango huu alicheka. Baba yake alikuwa baharia wa jahazi. Akiondoka Tanga na kusi, hurudi na kaskazi. Huenda na boriti, hurudi na tende na samaki wa chumvi. “Sijapata kusikia,” alisema, “mtu kupanda chombo, akazunguka bahari, akarudi pale pale alipoanzia na wala hakuteremsha mzigo.” Hata hivyo alikubali, kwa sharti kwamba wajukuu wote wawepo.

Siku huanza mapema

Tulipita Doha, tukapita Manama, tukapumzika kisiwani Sir Bani Yas. Siku nzima ya mwisho meli ilikuwa baharini, na hapo ndipo tulipotambua kwamba siku ya mwisho haianzi alfajiri ya kushuka. Huanza adhuhuri ya siku iliyotangulia.

Tuliporudi vyumbani baada ya chakula cha mchana tulikuta lebo za rangi kitandani, zenye namba, pamoja na barua ya maelezo. Utaratibu wake ni huu. Kila mzigo mkubwa hufungwa lebo na kuwekwa nje ya mlango kabla ya usiku wa manane. Wafanyakazi huukusanya usiku, na meli ikishafunga gati huuteremsha na kuupanga kwa rangi katika ukumbi wa abiria. Asubuhi kila rangi huitwa kwa saa yake. Mwenye ndege ya mapema hupewa rangi ya mwanzo, au huchagua kushuka na mizigo yake mwenyewe mkononi.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka mlango ufungwe. Mzigo ukishachukuliwa, hauonekani tena hadi nchi kavu. Katika meli hizi husimuliwa kisa cha abiria aliyefunga kila kitu kwa bidii, akaamka asubuhi na nguo za kulalia tu. Kisa hicho ni cha kuchekesha, lakini dawa si jambo la kuchekesha. Saa tatu usiku dada alisimama ghafla akauliza, “Mama, dawa zako za presha umeziweka wapi?” Zilikuwa ndani ya sanduku kubwa, chini ya kanga, na sanduku lilikwisha wekwa ukumbini. Lilifunguliwa pale pale zuliani, dawa zikatolewa, likafungwa upande wa pili.

Kinachopaswa kubaki mkononi ni pasipoti za familia nzima, dawa, nguo za kesho, miwani, maziwa ya mtoto, chaja za simu na chochote cha thamani. Viandikwe katika karatasi adhuhuri, kabla watoto hawajachoka na wakubwa hawajaanza kupandishiana sauti.

Daftari la hesabu

Ndani ya meli fedha taslimu karibu hazitumiki. Abiria hupewa kadi ya chumba, nayo huunganishwa na kadi yake ya benki. Mtoto akicheza mchezo wa mashine, kadi hugongwa. Nguo zikifuliwa, kadi hugongwa. Mpiga picha akikupigeni mkiwa mmevaa vizuri, picha huning'inizwa ukutani, na mwenye kuitaka hugonga kadi. Kwa kuwa hakuna noti inayotoka mfukoni, hakuna maumivu, na wiki hupita kwa furaha. Jioni ya mwisho maumivu hayo huja yote kwa pamoja.

Juu ya hayo huongezwa ada ya huduma. Katika kampuni nyingi ada hii hutozwa kwa kila mtu kwa kila siku, na katika baadhi huingizwa katika nauli tangu mwanzo. Familia isiyouliza kabla ya kukata tiketi huiona kwa mara ya kwanza katika hesabu ya mwisho. Kwa watu kumi na wawili kwa usiku saba, hiyo ni mara themanini na nne, na msomaji anaweza kukadiria mwenyewe inafika wapi.

Kaka ni mhasibu kwa kazi yake. Alikaa na hesabu hiyo baada ya Isha, akaisoma mstari kwa mstari. Akakuta mistari miwili ya vinywaji ambavyo hakuna mtu wa kwetu anayevitia kinywani. Alishuka dawatini usiku ule ule, akaeleza kwa upole, na katika dakika tano mistari ikafutwa. Asubuhi yake tulipopita pale, foleni ya wenye malalamiko ilikuwa imefika kwenye ngazi, na baadhi yao rangi zao zilikwisha itwa. Walilipa wasichokula kwa sababu basi lilikuwa likiwasubiri.

Aliye upande wa pili wa mlango

Aliyekuwa akitusafishia vyumba ni kijana wa Likoni, Mombasa. Siku ya kwanza alipoisikia sauti ya mama mlangoni alisimama na shuka mikononi, akasema, “Asalaam aleikum, mama. Nyinyi mwatoka wapi?” Tangu hapo alikuwa mtoto wa mama. Kila asubuhi aliulizwa kama amekula.

Vijana wa pwani yetu wako katika meli hizi. Mombasa kuna chuo cha ubaharia cha Bandari Maritime Academy, na Dar es Salaam kuna Chuo cha Bahari, DMI. Na wazazi wanaosoma gazeti hili wapo ambao mtoto wao yuko baharini sasa hivi. Yafaa wajue kwamba kazi hiyo ina sheria. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani na kuanza kutumika Agosti 2013, unataka baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku 7. Ukiigeuza hesabu hiyo utaona kwamba mtu aweza kufanya kazi saa 14 kwa siku na sheria isivunjwe.

Mama alimuuliza kijana kama atapumzika kesho, sisi tukishashuka. Alicheka. “Nyinyi kesho mwamaliza, mama. Sisi ndiyo twaanza.” Akaeleza. Ana vyumba kumi na vinane. Abiria wa zamani wakitoka asubuhi, abiria wapya huanza kupanda karibu na adhuhuri, na chumba lazima kiwe kama hakikupata kulaliwa. Wakati huo huo chini ya meli malori yanashusha chakula cha wiki nzima na kuchukua taka. Katika meli kubwa zaidi jambo hilo hupita fikira: Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, huweza kubeba abiria wapatao 7,600 ikijaa, na wote hushuka na wengine kupanda katika siku moja. Kwa hiyo siku yetu ya kuagana ndiyo siku yake ndefu kuliko zote.

Mama aliuliza tena kama ile ada ya huduma humfikia. Kijana alijibu kwa adabu kwamba hugawiwa wengi. Mama akamwita kaka pembeni. Jioni ile bahasha mbili zilitoka, moja ya kijana na moja ya mhudumu wa mezani kwetu, mbali na ada iliyokwisha tozwa. Kijana alishukuru, kisha akaomba jambo ambalo hatukulitarajia: kwamba katika fomu ya maoni tuliandike jina lake, kwa kuwa mkataba wake unakaribia mwisho na maoni ya abiria huangaliwa anapoombwa mwingine. Dada alijaza fomu hiyo kabla ya kulala. Ilichukua dakika tatu. Wangapi hushuka wakiwa wameridhika kabisa, na fomu wakaiacha tupu!

Kikao cha alasiri

Hata hivyo, shughuli kubwa ya siku ile haikuwa ya masanduku wala ya fedha.

Kwa siku sita tulikuwa tumelizunguka neno moja. Kila mmoja alilijua, na kila mmoja alikuwa akilisogeza mbele kwa kisingizio cha bwawa la kuogelea, cha watoto, cha chakula. Neno lenyewe ni hili: mama ana miaka 73, anakaa na msichana wa kazi katika nyumba yenye paa linalovuja, na mwaka jana aliteleza bafuni. Kaka alitaka ahamie Muscat. Dada alitaka ahamie Leicester, karibu na hospitali. Mimi nilitaka ahamie kwangu Dar es Salaam, na mke wangu alikwisha andaa chumba. Tulikuwa tumejadiliana kwa simu mwaka mzima, wawili wawili, na kila mazungumzo yalimwacha wa tatu akihisi kwamba amefichwa.

Baada ya Alasiri tulipata viti kwenye sitaha ya nyuma, upande wa kivuli. Wake na shemeji walichukua watoto. Kaka alianza kwa kumweleza mama mipango mitatu, kwa uadilifu, hata ile isiyokuwa yake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

“Tangu mchana naona mnafunga masanduku karatasi za rangi. Hili la Muscat, hili la Uingereza, hili la Dar es Salaam. Na mimi mnataka kunifunga ya rangi gani?”

Hakuna aliyejibu. Akaendelea kwa sauti ile ile ya chini. Hakukataa kwamba amezeeka. Alichokitaka ni kuulizwa. Tanga ana majirani wanaomgongea mlango asipoonekana hadi saa mbili, ana darsa lake la akina mama, na kaburi la baba liko umbali wa kutembea. Muscat atakaa ndani kwa sababu ya joto, Leicester atakaa ndani kwa sababu ya baridi, na Dar es Salaam atakaa ndani kwa sababu hamjui mtu. Akauliza safari hii imegharimu kiasi gani. Kaka alisita, kisha akataja. Mama akatikisa kichwa akasema kwamba kwa fedha hizo paa lingeezekwa, bafu likatengenezwa, na bado nauli za watu wawili zingebaki. “Sikulaumu, mwanangu. Nimefurahi kuwaona wajukuu zangu wakila pamoja. Lakini umeniuliza kwa mipango mitatu, nami nakujibu kwa huu wa nne.”

Mimi kwa mazoea ya kazi ya ukatibu nilikuwa na daftari. Kaka akasema, “Bwana katibu, andika.” Nikaandika. Kaka atagharimia paa na bafu, pamoja na vishikio vya ukutani na sakafu isiyoteleza. Dada atakuja Tanga kila Agosti kwa mwezi mzima, shule za Uingereza zikifungwa, na watoto wake wawili. Mimi nitakwenda kila mwisho wa mwezi, na nitasimamia mafundi pamoja na kliniki ya presha. Kila Ijumaa baada ya Magharibi ya Tanga wote watatu tutakuwa katika simu moja, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Mwisho mama aliongeza kifungu chake mwenyewe: siku atakayoona hawezi tena kukaa peke yake, atasema yeye, na tutamwamini. Alitaka kifungu hicho kisomwe mara mbili. Tukaweka saini, naye akaweka yake.

Tulipomaliza jua lilikuwa limeshuka. Kama tungengoja asubuhi, tungelizungumza neno hilo katika foleni, kila mmoja na rangi yake mkononi, au tusingelizungumza kabisa.

Asubuhi ya gati

Meli ilifunga gati Mina Rashid kabla ya mapambazuko. Bandari hiyo ilifunguliwa mwaka 1972 na kwa miaka mingi ndiyo iliyopokea shehena za Dubai. Siku hizi shehena huenda Jebel Ali, na Mina Rashid imebaki kuwa ya meli za abiria. Tulisali Alfajiri chumbani mwa kaka kwa kubanana, kwa kuwa meli ikiwa imetulia gatini, kibla hakihitaji kutafutwa upya kila saa.

Watoto walikwenda kwenye kingo za sitaha. Bandarini hapo iko meli kongwe Queen Elizabeth 2, iliyoshushwa majini huko Scotland mwaka 1967, ikafika Dubai Novemba 2008, na tangu 2018 ni hoteli. Mtoto wa dada aliuliza itaondoka lini. Bibi yake akamwambia haiondoki tena, watu ndio huifuata hapo ilipo.

Rangi yetu iliitwa saa mbili na nusu. Masanduku yote tuliyakuta. Kijana wa Likoni hatukumwona. Alikwisha anza vyumba.

Kwa familia zinazopanga

Wapo watakaosema kwamba safari hizi ni za wenye uwezo, na ni kweli kwamba si za kila mtu. Lakini ndugu waliotawanyika hukutana kwa njia nyingi, kwa meli, kwa harusi, kwa Idi, na kila makutano yana siku yake ya mwisho. Kwa wenye kupanga safari ya meli, haya ni ya kuzingatia. Mtokao Afrika Mashariki ulizeni viza inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwani meli ikitoka Dubai na kurudi, mnaingia nchini mara mbili. Ulizeni ada ya huduma kabla ya kukata tiketi, na someni hesabu kila usiku, msingoje wa mwisho. Tengeni fungu la wahudumu tangu nyumbani, ili lisiwe mabaki ya mfukoni. Msikate tiketi ya ndege ya asubuhi mno. Meli ikichelewa gatini, hakuna wa kuilaumu.

Na kubwa kuliko hayo: kama kuna neno la wazazi, la urithi au la deni, lipeni siku na saa, na isiwe saa ya kushuka. Litajeni siku ya kwanza, ili kila mmoja alifikirie, na muwaulize wenyewe wanaohusika kabla ya kuwapangia.

Paa la Ngamiani liliezekwa Machi, kabla ya masika kushika. Vishikio vya bafu vipo, na mama huvitumia kuanikia taulo. Simu ya Ijumaa imekosekana mara mbili tu. Dada ameshakata tiketi ya Agosti.